UKUMBI WA NYUMBANI: Valvu moja yatosha, karo ya mtoto ilipwe

Wiki hii, ndugu msomaji, tunaliacha jiko na cherehani ili tujibu barua iliyotufikia kutoka Masaka, katika wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, huko ambako malori yatokayo Dar es Salaam na Mombasa hushusha makasha yao kwenye bandari ya nchi kavu. Aliyeandika ni mama, mke wa askari polisi mstaafu, na shida yake ni ya nyumba nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Aeleza kwamba mzee wake, alipokwisha kuvua sare, alilirudia gitaa la ujana wake. Kila Jumamosi yeye na wenzake wanne hupiga zile nyimbo za kale ambazo Wanyarwanda huziita karahanyuze, mara arusini, mara katika mabaraza ya jioni. Wana kikuza sauti kimoja cha valvu, walichokinunua mkononi mwa vijana wapigao roki. Tangu siku walipokileta nyumbani, kila mzee apigapo solo kwa mkono wa kusisitiza, sauti hupasuka na kukwaruza, hata wageni wakageuza shingo. Fundi mmoja amewashauri wabadilishe valvu zote, kubwa na ndogo, wanunue zile za Kiingereza za miaka ya sitini. Bei aliyoitaja inakaribia karo ya muhula mzima ya kijana wao wa sekondari. Mama auliza mawili: je, hapana njia nyingine? Na je, ni salama chombo kama hicho kuchokolewa sebuleni, maadam mjukuu wa miaka mitatu hakosi kukizunguka?

Jibu la swali la kwanza twalitoa papo hapo: karo ilipwe. Dawa ya mkwaruzo ule yaweza kuwa bure kabisa, na isipokuwa bure, basi ni valvu moja ndogo, wala si mpya zote. Jibu la swali la pili lataka maneno zaidi, nasi tunamwomba kila mwenye kikuza sauti cha valvu alisome kabla hajashika bisibisi.

KWA NINI SAUTI SAFI

Yamkini msomaji mwingine atasema kwamba sauti ya gitaa ni anasa, wala si jambo la ukumbi wa nyumbani. Wasomaji wa kambini hawatasema hivyo. Katika Tanzania, Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilitoka katika vikosi, na askari aliyekesha lindoni ndiye huyo huyo aliyechezesha watu mwisho wa wiki. Vyombo vilikuwa mali ya kikosi, na fundi alikuwako. Mstaafu wa leo hununua chombo kwa fedha yake, naye ndiye mwenye mali na ndiye fundi.

Upigaji huu una asili yake. Mwaka 1953 mpiga gitaa wa Kibelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kufanya kazi katika studio ya CEFA, akaja na gitaa la umeme. Kutoka Kongo mtindo wa magitaa mawili au matatu yanayopokezana ulienea Afrika Mashariki nzima. Rwanda nayo ikapata bendi zake, na katika miaka ya themanini Orchestre Impala ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno. Mwimbaji wake, André Sebanani, aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa hiyo mzee anayepiga nyimbo zile leo hapigi kwa kujifurahisha tu. Anawasikilizisha vijana sauti ambayo wengi wao waliikuta katika kanda za redio tu.

Sasa sikiliza namna magitaa yale yanavyoimba. Kila noti husimama peke yake, kama shanga katika uzi. Gitaa la solo huuliza, rithimu hujibu, besi hutembea chini yao. Noti zikipasuka zote huchanganyika, na mazungumzo hugeuka kelele. Mpiga roki huutafuta mkwaruzo huo kwa makusudi, na kwake ni uzuri. Kwa hiyo tusiseme kwamba kikuza sauti cha Masaka ni kibovu. Kimepangwa kwa muziki wa mtu mwingine.

MOTO, WAVU NA BAMBA

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake mna uzi wa moto, ule unaoonekana ukiwaka rangi ya chungwa gizani. Moto huo hukipasha joto kijimrija kilichouzunguka, nacho kikishapata joto hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni. Chembe hizo huruka kwenda kwenye bamba la chuma, ambalo limetiwa umeme wa volti 200 au zaidi. Katikati ya njia umewekwa wavu mwembamba, na sauti dhaifu ya gitaa hupelekwa kwenye wavu huo.

Mkulima wa mpunga bondeni ataelewa upesi. Mtoto aweza kuuinua na kuushusha mlango wa mfereji kwa mkono mmoja, lakini maji yapitayo chini yake yana nguvu za kuangusha watu wazima. Wavu ndio mlango huo. Gitaa huusukuma kidogo tu, na mkondo mkubwa wa umeme huufuata mwendo wake. Ugunduzi wa wavu ulikuwa wa Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906, miaka miwili baada ya Mwingereza Ambrose Fleming kutengeneza valvu isiyo na wavu. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947, valvu zilianza kutoka katika redio za nyumbani, lakini wapiga gitaa hawakuziacha, maana valvu ikizidiwa huikata sauti polepole, na sikio hulipenda hilo.

Kikuza sauti cha gitaa kina makundi mawili ya valvu. Zile kubwa, ambazo huwaka moto sana, ni valvu za nguvu. Kazi yao ni kuisukuma spika. Zile ndogo za miguu tisa ni valvu za mwanzo. Kazi yao ni kuipokea sauti dhaifu na kuikuza hatua kwa hatua. Ndani ya kila kichupa kidogo cha aina tunayoizungumzia mna valvu mbili pacha. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya kwanza kabisa, ambayo hupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye gitaa. Lolote itakalotoa, liwe jema au baya, hukuzwa tena na zote zinazoifuata.

NAMBARI ISEMAYO KWELI

Katika vikuza sauti vingi valvu hiyo ya kwanza ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kila valvu ya namna hii ina nambari yake ya ukuzaji, nayo hutwambia ukubwa wa uwezo wake. Ya ECC83 ni 100. Ya 5751 ni 70. Ya ECC81, au 12AT7, ni 60. Ya 12AY7 ni kama 44. Ya ECC82, au 12AU7, haifiki 20. Nambari hizi ni za valvu yenyewe. Ikiwa ndani ya kikuza sauti, ECC83 hukuza kama mara 50 au 60 tu, na nyingine hupungua vivyo hivyo. Zote tano zina miguu tisa iliyopangwa sawasawa, na moto wao huunganishwa kwa njia moja, kwa hiyo moja yaweza kuchukua tundu la nyingine katika hatua ya kwanza.

Hapa ndipo siri ya mkwaruzo ilipo. ECC83 ikiwa ya kwanza, huipokea noti nzito ya mzee na kuikuza kupita kiasi ambacho valvu ya pili yaweza kukibeba. Ya pili huelemewa, ikakata vilele vya sauti, na kukatwa huko ndiko kukwaruza. Ukiiweka ya kwanza yenye nambari ndogo, ya pili hupata mzigo wa kadiri yake, na sauti hubaki safi hata kifungo kikizungushwa mbali. Nguvu za kikuza sauti hazipotei, maana hizo zimo katika valvu kubwa, ambazo hatukuzigusa. Kilichobadilika ni mahali ambapo sauti huanza kupasuka.

Historia inathibitisha hayo. Mwishoni mwa miaka ya hamsini kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa toleo la kikuza sauti kiitwacho Bassman lenye 12AY7 katika hatua ya kwanza. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall mjini London liliufuata mchoro huo karibu wote na kutengeneza JTM45, lakini hatua ya kwanza ikatiwa ECC83. Spika pia zilikuwa tofauti, lakini valvu ile ya kwanza ilikuwa na sehemu yake katika sauti kali iliyowapendeza vijana wa roki. Mzee wa Masaka anataka kuirudia njia ile kinyumenyume.

Achague ipi basi? Kwa muziki wake, ajaribu kwanza 5751. Tabia yake hukaribiana sana na ECC83, ila haina pupa. Ikiwa mkwaruzo umepungua lakini haujaisha, aende kwenye 12AY7. ECC81 hupatikana kwa urahisi na huweza kufaa, ila wapigaji wengine husema sauti yake ni kavu kidogo. Sababu ni kwamba ECC81 na ECC82 ziliundwa kupitisha mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na katika tundu la ECC83 hukaa kama kijana aliyevaa shati la mdogo wake: limeingia, lakini limebana. ECC82 aiache mwisho, kwa kuwa mara nyingi huifanya sauti ifubae. Wala asitazamie muujiza. Tofauti kati ya 100 na 70 ni ndogo kwa sikio la msikilizaji wa mbali, lakini mpigaji huihisi katika vidole vyake.

KABLA YA KUTOA FARANGA

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Kabla ya kununua chochote, yafanyike haya, ambayo hayagharimu kitu.

Kwanza, vikuza sauti vingi vina matundu mawili ya gitaa kwa kila upande. Lile lililoandikwa 2 aghalabu huipunguza sauti kwa nusu kabla haijafika kwenye valvu ya kwanza. Mzee alihamishe gitaa lake hapo. Wengi hupiga miaka kumi bila kulijaribu tundu hilo, nalo pengine ndilo dawa yao.

Pili, ashushe kidogo kifungo cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe, na aziteremshe sumaku zilizo chini ya nyuzi kwa bisibisi ndogo, ziwe mbali kidogo na nyuzi. Sumaku iliyo karibu mno hupiga kelele kabla ya gitaa kuimba.

Tatu, ahakikishe kwamba tatizo si waya uliolegea wala karatasi ya spika iliyochanika. Spika iliyochanika hukwaruza hata kwa sauti ya chini, na hapana valvu duniani itakayoiponya. Kama kikuza sauti kiliimba safi zamani kwa mkono ule ule, kisha kikaanza kukwaruza ghafla, hilo ni gonjwa, wala si suala la kuchagua valvu; kipelekwe kwa fundi.

Nne, kama ndani mna ECC83 mbili au tatu, azibadilishane nafasi. Valvu mbili za aina moja hazifanani kabisa. Iliyo tulivu kuliko zote ndiyo iwekwe mbele.

MTOTO, MOTO NA MAUTI

Sasa tulijibu swali la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa. Kikuza sauti cha valvu si redio ndogo ya betri. Ndani yake hupita umeme wa volti 300, na katika vingine zaidi ya 400. Hatari kubwa ni kwamba umeme huo hauondoki mara chombo kizimwapo. Huhifadhiwa katika kapasita, ambazo mafundi wa zamani huziita kondensa, na waweza kubaki humo muda mrefu baada ya waya kuchomolewa ukutani. Askari hafungui bunduki kabla ya kuhakikisha kwamba haina risasi. Kikuza sauti kilichozimwa ni bunduki yenye risasi ndani.

Kwa bahati njema, kubadili valvu ndogo hakutaki kulifungua sanduku la nyaya. Valvu hufikiwa kutoka nyuma. Kazi ifanywe hivi. Mtoto atolewe chumbani. Chombo kizimwe, waya uchomolewe ukutani, na ingojwe nusu saa mpaka vioo vipoe, maana valvu kubwa huunguza kidole mara moja. Valvu ya kwanza aghalabu ndiyo iliyo karibu na tundu la gitaa, mbali na transfoma, na huenda imevikwa kofia ya bati. Kofia hubonyezwa, ikazungushwa, ikatoka. Kioo kishikwe kwa kitambaa kikavu, kiyumbishwe taratibu, kivutwe kimenyooka. Katika kuingiza nyingine, miguu tisa itazamwe vizuri: kati ya wa kwanza na wa tisa mna pengo pana, nalo lazima lielekezwe kwenye pengo la tundu. Mguu ukipinda usilazimishwe. Kisha, kabla ya kuwasha, ahakikishe kwamba spika imeunganishwa. Kuwasha kikuza sauti cha valvu bila spika kwaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na bei yake hushinda valvu nyingi.

Baada ya dakika moja au mbili valvu mpya igongwe kwa penseli ya mbao, polepole. Ikitoa mlio wa kengele kwenye spika, haifai hatua ya kwanza. Na ikiwa lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo limegeuka jeupe kama maziwa, basi hewa imeingia, na valvu hiyo imekufa.

Tahadhari mbili zimebaki. Si kila valvu ya miguu tisa huweza kuingia katika tundu la ECC83. EL84 ni valvu ya nguvu, ndefu kidogo, nayo pia ina miguu tisa. ECC88 hufanana na ECC83 kwa sura, lakini moto wake umeunganishwa kwa njia nyingine, tena haivumilii volti nyingi. Herufi na nambari zilizo juu ya kioo zisomwe kila mara. Na valvu kubwa za nguvu zisibadilishwe nyumbani, maana vikuza sauti vingi hutaka virekebishwe kwa kipimo cha fundi kila zinapobadilishwa.

Mwisho, umeme wa Rwanda ni volti 230. Kikuza sauti kilicholetwa kutoka Marekani yawezekana kimetengenezwa kwa volti 120. Bati lake la nyuma lisomwe kabla ya kukichomeka, na kama ni hivyo kitumiwe pamoja na transfoma ya kupunguza. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, stabilaiza huulinda uzi wa moto wa valvu, nayo ni akiba njema kuliko jina maarufu juu ya kioo.

MAJINA YA KIINGEREZA

Fundi yule hakusema uongo mtupu. Valvu za Mullard za Uingereza zilisifiwa kwa haki. Lakini kiwanda kile kilifungwa zamani, na jina lake leo hupigwa juu ya valvu zinazotengenezwa Saratov, nchini Urusi. Nyingine hutoka JJ Electronic ya mji wa Čadca, Slovakia, na nyingine Uchina. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia baadhi ya bidhaa zake zisitoke nje, wauzaji wa valvu duniani walitetereka na bei zikapanda. Mahali penye bei kubwa na jina kubwa, waongo hawakawii kufika, na kuchapa jina juu ya kioo si kazi ngumu. Valvu mpya ya kawaida, iliyopimwa na muuzaji mwaminifu, itamtosha mzee wa Masaka. Tofauti ya nambari, kama ile ya 100 na 44, ni kubwa kuliko tofauti ya jina na jina.

Mama, mweleze mzee hivi kwa heshima. Jumamosi hii alijaribu tundu la pili. Asiporidhika, anunue 5751 moja, na ECC83 iliyotoka aifunge katika karatasi na kuitunza, kwa kuwa ni nzima. Valvu kubwa asiziguse. Kikuza sauti kiwekwe juu ya meza, mgongo wake uelekee ukutani lakini usiubane, ili joto litoke na mkono wa mtoto usiingie. Na kijana arudi shuleni siku ya kwanza ya muhula, karo yake ikiwa mkononi.

Panapo majaliwa, tutakutana wiki ijayo.